Kibaoni Ziko Tatu

Hapo zamani za kale, zamani ile milima bado inatambaa, palikuwa na miji mitatu, yote inaitwa Kibaoni. Msicheke!

Wa kwanza uliitwa hivyo kwa kibao cha njia panda. Wa pili, kwa vibao vya kukunia nazi vilivyochongwa huko. Wa tatu, kwa kofi: bibi mmoja alimzaba mwizi kibao, paa! Nyota saba zikadondoka, jua likasogea pembeni.

Sasa Kindi alikuwa jirani wa Kiboko. Kiboko ana shamba la matikiti, kila tikiti nyumba ya vyumba vinne! Kindi aliyamezea mate mpaka mate yakawa kijito.

Siku moja Njiwa akatua, puu!

"Kindi, mwambie Kiboko mama yake anaumwa. Yuko kwa binti yake, Kibaoni ya kofi. Anataka kumpa mwanawe radhi kabla hajafumba macho. Aende leo!"

Kindi akatazama matikiti.

"Kaka Kiboko! Mama mgonjwa, anakuita akupe radhi. Yuko Kibaoni!"

"Mungu wangu! Kibaoni ipi?"

"Ya njia panda, kaka. Ukimkosa, jaribu ya vibao vya nazi. Kimbia!"

Kiboko akatimka, vu! vu! vu! Ardhi ikapasuka nyufa. Kindi akarukia matikiti, kacha! kacha! Akala siku mbili, tumbo likawa linamtangulia kutembea.

Siku ya tatu Njiwa akarudi, mbawa zimelegea.

"Mama anauliza tu, 'Mwanangu kafika wapi?' Mlango ukilia, kwii, anainua kichwa."

Kindi akaacha kutafuna. Akatupa kipande, akakimbia mpaka upepo ukabaki nyuma unahema. Akamkuta Kiboko kwa wachonga vibao, anabisha nyumba kwa nyumba, nyayo zinatoka damu.

"Siyo hapa, kaka! Ni ya kofi. Nilijua tangu mwanzo. Nilitaka matikiti yako."

Kiboko akageuza njia. Wakakimbia wote.

Walipofika, kaburi lilikuwa bichi, watu wanakung'uta udongo mikononi.

"Alikungoja mpaka alfajiri, kaka," dada yake akasema.

"Nikanyage!" Kindi akalia. "Nikanyage tu, kaka!"

"Nikikukanyaga, mama ataamka anipe radhi?"

Kiboko akakaa chini. Kindi akakaa pembeni yake, asijue mikono aiweke wapi.

Ndiyo hivyo, watoto: ukimpoteza mtu njia, atafika, ila muda wake huwezi kumrudishia.