Nani Atangulie Kuvuka Kishenyi?

Sogeeni, na anayesinzia akanawe uso, maana nikimaliza nitadai jibu.

Katika kaunti moja ya milimani walikuwako watu watatu. Wakesho, msusi wa nywele, alijaliwa ulimi. Akikuomba jambo unajikuta umeshalifanya. Mwachofi, fundi wa baiskeli, alijaliwa uvumilivu. Angekaa mkutanoni mpaka viti vyote vibaki vitupu. Mkamburi, aliyewahi kuwa mwalimu, alijaliwa moyo wa kuamua, hata pale uamuzi ulipomuumiza mwenyewe.

Mto Kishenyi uliikata wadi ya Wakesho na Mwachofi katikati. Ukifurika, watoto hawaendi shule na wagonjwa hawafiki zahanati. Kila mwaka waliahidiwa daraja, na kila mwaka bunge la kaunti lilipopanga bajeti, mradi mwingine ulitangulizwa.

Uchaguzi ulipokaribia, Mwachofi akagombea uwakilishi wadi bila chama, akiahidi daraja tu. Watu walimcheka. Wakesho hakucheka. Alisuka vichwa huku akizungumza, na kichwa kilichoshikwa hakina pa kukimbilia.

"Mama Mghoi, utamchagua anayekugawia leso, au atakayekuvusha?"

"Nivute polepole, Wakesho! Nitampa Mwachofi."

Siku ya kura watu walimiminika, na Mwachofi akapenya kwa tofauti ndogo sana. Ila Wakesho mwenyewe hakupiga kura. Alikuwa amejiandikisha ng'ambo, karibu na saluni yake, na siku hiyo mto ulifurika.

Bungeni, huyu alitaka uwanja wa michezo, yule taa za mjini. Mwachofi aliwapeleka watu wake kwenye vikao vya maoni ya wananchi, kisha akahudhuria kila kikao cha kamati ya bajeti, mpaka wenzake wakachoka kumwona. Ili daraja lisogee mbele, aliuacha mradi wa soko la mifugo uliopiganiwa na kaka yake. Kaka yake hasemi naye hadi leo. Wapo wanaosema hastahili sifa, kwani si ndiyo kazi aliyochaguliwa kufanya?

Mwenyekiti wa kamati hiyo alikuwa Mkamburi, mwakilishi wa wadi kavu ya bondeni. Mwishowe fedha zilitosha mradi mmoja tu: daraja la Kishenyi, au bomba la maji la wadi yake. Kura zikafungana.

"Mheshimiwa, tunakusubiri wewe," wakamwambia.

"Kwetu tunatembea mbali kutafuta maji, lakini tunafika," akasema Mkamburi. "Hawa mto ukijaa hawafiki kabisa. Daraja litangulie."

Uchaguzi uliofuata watu wake walimwangusha, na mtu asiwalaumu haraka, maana walimtuma alete maji.

Daraja likakamilika. Sasa, bonde la Kishenyi lina desturi yake: kivuko kipya huitwa kwa jina la anayetangulia kukivuka, na jina hilo halibadilishwi. Wakesho alilitaka jina lile, alilitaka mno. Hakujaliwa mtoto, na kwao mtu akishakufa huendelea kuitwa kupitia wajukuu wanaopewa jina lake. Daraja likiitwa Kwa Wakesho, watoto wa watu wangemtaja kila asubuhi wakienda shule.

"Bila mimi," alijiambia akijifunga leso mpya, "Mwachofi angekuwa bado anaziba pancha."

Ilikuwa kweli. Lakini bila Mwachofi daraja lisingefika mezani, na bila Mkamburi lingebaki palepale mezani.

Umati ulipokusanyika, Mwachofi alisimama kando, akatazama ubao wa kwanza kwa hamu, kisha akamgeukia Wakesho.

"Dada, tangulia. Watu wanangoja."

Wakesho akainua mguu. Hapo ndipo alipomwona Mkamburi nyuma ya watu, miguu imejaa vumbi. Hakuna aliyekumbuka kumwalika. Mkononi alikuwa na mtungi mtupu, kwa kuwa alipanga kuteka maji ya Kishenyi kabla ya kurudi kwao. Wakesho alitamani angalau angelalamika.

Mguu wa Wakesho uko hewani hadi sasa ninapowasimulia. Kuna aliyewatoa watu nyumbani siku ya kura, naye yake haikupigwa. Kuna aliyetimiza ahadi, naye akampoteza kaka. Kuna aliyewavusha watu wasio wake, na wake wangali na kiu.

Je, wewe ungeamua vipi? Nani akanyage kwanza?