Kanga na Ratiba ya Kitufe Kimoja

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma mmeitikia kwa pua. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, lakini si kale sana, maana kompyuta zilikuwapo, mbuga ilikauka. Kikabaki kisima kimoja. Wanyama wote, kisima kimoja! Wakapatana wanywe kwa zamu, na mlaji asipangwe pamoja na mliwa. Katibu wa zamu wakamchagua Kanga, mama wa vifaranga tisa, kwa sababu alikuwa na mwandiko mzuri. Sifa kubwa hiyo!

Kanga akawaza: wanyama wengi, kichwa changu kidogo. Bora nitafute programu inipangie.

Akaenda kwa Mchwa. Mchwa akamfungulia programu yake. Visanduku, mistari, maswali mia. Nani anakunywa kiasi gani? Nani anamla nani?

"Nitaijua kwa siku ngapi?" Kanga akauliza.

"Kumi, ukijitahidi. Na tano za mwanzo utakosea sana."

"Siku kumi! Dada, mimi ni katibu, si mwanafunzi."

Akaondoka, chapu, chapu, chapu, mpaka kwa Kasuku.

"Yangu ina kitufe kimoja tu, mama," Kasuku akasema. "Hata Fisi ameiweza."

Kanga akabonyeza. Ting! Ratiba ikatoka, imepambwa maua. Akabonyeza tena. Ting! Ratiba ileile, maua mengine.

"Mbona haijaniuliza chochote?"

"Ndio uzuri wake! Haikusumbui."

Kanga akafurahi, akafurahi mno. Kajifunza kwa dakika moja! Akili nyingi alikuwa nazo mama huyu, jamani. Hata kuisoma ratiba hakuona haja. Akaibandika kisimani. Wanyama wakaja, wakasifu maua. Swala peke yake ndiye aliyesoma.

"Katibu, nimepangwa zamu moja na Chui."

Kanga akarudi mbio kwa Kasuku. "Nibadilishe wapi?"

"Hiyo haibadilishwi, mama. Ikibadilishwa itakuwa ngumu."

Basi Kanga akamwambia Swala avumilie, kompyuta imeshapanga. Swala akaona heri kiu. Hakwenda.

Kesho yake asubuhi, Kanga akateremka kisimani na vifaranga wake tisa. Akamkuta Mondo, yule paka wa porini mwenye miguu mirefu, ameketi kwa adabu.

"Karibu, katibu. Hii zamu yetu."

"Kuna makosa, baba! Wewe unakula ndege!"

"Makosa? Mimi nafuata ratiba. Tena maua yake yamenipendeza."

Puruu! Manyoya yakatimka. Vifaranga huku, mama kule. Kichakani Kanga akawahesabu. Wanane. Akahesabu tena. Wanane. Akalia sana, na hapo hata mimi kicheko kimeniisha.

Siku hiyohiyo akarudi kwa Mchwa. Mchwa hakumsimanga. Akamsogezea kigoda, akamfungulia programu. Swali la kwanza likatokea: una watoto wangapi?

Kanga akaandika tisa. Akafuta. Akaandika wanane.

Ndiyo hivyo, wakubwa kwa wadogo. Urahisi mtamu, sikatai. Lakini kabla hujauliza utakijua chombo kwa siku ngapi, uliza kama kinaifanya kazi uliyopewa. Ukikwepa kusumbuka wewe, watasumbuka wanaokutegemea.

Hadithi yangu imekoma hapo kisimani, nami nimeshausema ubaya na uzuri wake.