Mgonjwa Aliyewapangia Kazi Wageni Wake

Niazimeni masikio, akina mama, na ninyi wanaume mliojibanza nyuma karibu na mlango.

Palikuwa na mwanamke mmoja aliyekuwa akimuuguza mama mkwe wake nyumbani. Bibi yule alipigwa na kiharusi, upande mmoja ukafa, lakini akili nzima, na ulimi mkali kuliko wangu. Mnajua kuuguza mtu wa kitandani, au mnakusikia tu? Umlishe, umwoshe, umgeuze ubavu huu, umgeuze ubavu ule asije akaota vidonda. Usiku na mchana. Ukienda chooni unaacha mlango wazi usikie akiita.

Kila Alhamisi jumuiya ya kanisa ilikuja kumwona mgonjwa. Vizuri. Walileta sukari na sabuni, wakaimba, wakaomba. Wakimaliza, hawaondoki. Wanaketi wakitazama upande wa jikoni. Na mkwe wa watu, kwa kuogopa aibu, anamwacha mgonjwa anakimbilia kukanda chapati. Wakishashiba wanamwambia, "Mungu akutie nguvu." Vyombo anaosha yeye.

Ikafika wiki mkwe amechoka hata bibi akamponyoka wakati wa kumgeuza, akabaki ananing'inia ukingoni mwa kitanda. Mkwe akalia. Bibi hakulia. Aliwaza: huyu akianguka, nami nimekwisha.

Alhamisi wageni wakaja, wakafumba macho. Mwenyekiti wao, mama mmoja, akaanza kuomba, naye akishika maombi haachii. Mkwe, aliyepiga magoti kando ya kitanda, akaegemeza kichwa kwenye godoro. Usingizi ukamchukua hapo hapo.

Amina ikaitikiwa. Mkwe haamki. Mwenyekiti akanyoosha mkono amtikise.

"Dada, amka. Wageni tunataka kuaga."

"Mguse uone," bibi akasema kwa mdomo wake uliokwenda upande. "Leo nitalala kwako, uniuguze wewe."

Mkono ukarudi.

"Bibi, sisi tulidhani labda chai..."

"Jiko unalijua, kila wiki unalitazama. Wewe mwenye sauti ya kuamsha wafu, njoo ushike mabega. Mwenzako ashike nyonga. Nigeuzeni. Taratibu, mimi si gunia la mahindi."

Wakamgeuza. Mwenyekiti akahema, jasho linamtoka.

"Kumbe bibi ni mzito hivi?"

"Na anayenigeuza kila siku ni mwembamba kama mwiko. Haya, mashuka yako kwenye ndoo. Nani anafua?"

Mkwe alipozinduka, jua limeshapinda. Mashuka yanapepea kambani. Uji umeiva. Bibi amelala ubavu, safi, anacheka mpaka machozi, na mwenyekiti amekunja mikono ya gauni anasugua sufuria. Mkwe akaruka kuomba radhi.

"Rudi ulale, dada," mwenyekiti akamwambia. "Kesho asubuhi nakuja mimi. Keshokutwa anakuja huyu."

Na wakaja. Bibi hakuota kidonda hata kimoja. Mkwe akaonekana tena kanisani, amenawiri, anaimba mpaka paa linaitikia.

Sasa sisi. Tumeomba miaka mingapi Mungu awatie nguvu wanaouguza? Mnadhani hakujibu? Alijibu zamani. Nguvu alizituma, zikaja kwa miguu, zikaketi zikingoja chapati. Nguvu zenyewe ni wewe na mimi!

Na ninyi wa karibu na mlango msitazame chini. Kuna binti hatoki nyumbani akimuuguza baba yenu, ninyi mnapiga simu kuuliza, "Mzee anaendeleaje?" Mzee anaendelea. Dada yenu je? Mtu mzima hashindwi kumwosha baba yake. Mlioshwa na nani?

Basi leo sifungi ibada kwa maneno matupu. Kila mmoja asimame hapo alipo, aitaje nyumba anayokwenda wiki hii na kazi atakayoifanya akifika. Akimaliza wa mwisho, ndipo nitasema amina.