Dua ya Bi Riziki Hekaluni

Sogeeni karibu, na mwenye usingizi akalale mapema, maana mwisho wa hadithi hii kuna swali, na mimi jibu lake sina.

Palikuwa na mjane wa Wete, Bi Riziki, mwenye watoto watatu. Zuwena, mkubwa, haendi ugenini bila kuuliza kwanza mila za wenyewe. Faki, wa kati, hakubali mtu wake aonewe, na ngumi zake mji mzima wazijua. Mize, kitinda mimba, ana mikono myepesi, hutenda kabla hajatumwa. Kila mmoja alimtaka mama akaishi kwake, hata wakaanza kununiana.

Bi Riziki ugomvi huo ulimuumiza. Akawaambia, "Nipelekeni Thailand nikayaone yale mahekalu ya kwenye televisheni. Atakayenitunza vyema ugenini, ndiye nitakayehamia kwake. Tukirudi tu, palepale uwanja wa ndege, nitamtaja."

Basi wakafika Chiang Mai, mji wa huko Thailand, wakaingia hekaluni kutazama, mabega yamefunikwa, viatu wameviacha mlangoni. Akapita mtawa mdogo wa joho la zafarani, kipara kinang'aa, umri wa mjukuu wake Bi Riziki. Bibi akamwekea kiganja kichwani, kama afanyavyo kwa kila mtoto wa kwao. "Mungu akukuze, baba."

Mtoto akaruka nyuma. Mtunzaji wa hekalu, bibi aitwaye Mae Buakham, akapiga ukelele. Bi Riziki akashtuka, akayumba, akaanguka kitako na miguu ameinyoosha, nyayo zinaitazama sanamu ya Buddha. Watu wakaguna.

"Jamani, nimefanya nini? Si nimemwombea dua tu!"

Maskini, hakujua. Kule mwanamke hamgusi mtawa, kichwa cha mtu hakiguswi, na nyayo hazielekezwi kwenye kitakatifu. Yote matatu aliyafanya kwa mara moja, tena kwa mapenzi.

Mize hakungoja. Alipiga magoti, akaikunja miguu ya mama upande, akaifunika kwa kanga yake, akainama naye chini sakafuni. Manung'uniko yakapungua kidogo.

Kijana mmoja wa hekalu akamshika Bi Riziki mkono ili amtoe nje. Faki akakunja ngumi, mishipa ya shingo imemtoka. Kisha akaikunjua. Akatabasamu, akainamisha kichwa, akamsihi kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, taratibu. Kijana hakuelewa neno hata moja, lakini alimwachia bibi.

Zuwena akaunganisha viganja kifuani, akainama mbele ya Mae Buakham. "Kho thot kha," akaomba radhi kwa Kithai cha kuungaunga, akaeleza kuwa kwao mkono wa mzee kichwani mwa mtoto ni baraka. Mae Buakham akamtazama Bi Riziki, uso ukalegea. Akaenda kumletea maji.

Walipofika nyumba ya wageni, maneno yakaanza.

"Bila maneno yangu tungefukuzwa," alisema Zuwena.

Faki akamgeukia. "Dada, ulikuwa unajua yote. Mbona hukumwambia mama mapema?"

"Nimfundishe adabu mama aliyenifunza mimi? Niliona haya."

"Basi nyinyi mlifanya mliyoyazoea. Mimi nilijishinda. Ningempiga yule kijana, sasa hivi tungekuwa polisi."

Mize alikuwa analia. "Mimi sikufikiri kitu. Niliona miguu ya mama tu."

Bi Riziki kichwa kikamzunguka. Akimtazama Mize, anaona ni yeye, aliyemsitiri kwanza. Akimtazama Faki, anajua hakuna aliyejishinda zaidi siku ile. Akimgeukia Zuwena, anamlaumu kwa kunyamaza, halafu anakumbuka kuwa haya ile alimfundisha yeye mwenyewe. Usiku huo hakulala, na ndani ya ndege pia hakulala.

Wakatua Pemba. Nje ya uwanja magari matatu yalikuwa yamekuja kuwapokea, moja la kila mtoto, na milango yote iko wazi. Zuwena akanyoosha mkono apokee begi la mama. Faki akanyoosha wake. Mize akanyoosha wake. Bi Riziki kalishika begi kwa mikono miwili, machozi yanamlenga, mdomo kaufungua na jina halitoki.

Nanyi mliosikia yote, wakubwa kwa wadogo, semeni: lile begi mngemkabidhi nani?