Ukuta wa Nne wa Shule ya Fisi

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Jabali!

Na juu ya jabali?

Pimbi!

Na chini ya jabali?

Kaa utuambie!

Basi nakaa, na ninyi sogeeni. Anayetafuna atafune polepole, anayesinzia asinzie kwa adabu.

Palikuwa na Mama Pimbi. Mnamjua pimbi? Hana mkia wa kujivunia, hana pembe za kutishia, hana ukucha wa kumparua mtu. Ana mianya ya mawe tu, na mbio za kuifikia. Ukimwona kwa mbali utadhani ni panya aliyelishwa vizuri. Mama Pimbi huyu alikuwa na watoto wanne, na kitinda mimba wao aliitwa Kokoto, maana alikuwa mdogo na alikuwa hasagiki.

Watoto hawa walijifunza nyumbani. Asubuhi walimwaga mbegu juu ya jiwe, za ukwaju huku, za mbuyu kule, zilizotobolewa na wadudu pembeni. Wakienda kisimani walihesabu hatua. Wakirudi walihesabu tena, na zikizidi waligombana hadi wakarudia. Walifumba macho wakanusishwa majani na mama yao: hili la kula, hili la dawa, hili la kukuua. Kiangazi chote walifinyanga vidonge vya udongo, cha mchanga, cha mtoni, cha kichuguu, wakavianika, wakavidondosha kutoka juu ya jabali. Cha mchanga, pu! kikasambaratika. Cha mtoni, pa! kikapasuka. Cha kichuguu, ko! kikadunda, kikakaa kizima kinawatazama.

"Mama, kwa nini cha kichuguu hakivunjiki?" Kokoto aliuliza.

"Waulize mchwa."

Kokoto akaenda kuwauliza mchwa. Alirudi ameumwa mdomo, lakini alirudi na jibu: mchwa hutema mate kwenye udongo wao.

Sasa, duniani kuna watu hawawezi kumwona mtoto ana furaha bila kuuliza kibali kimetolewa na nani. Mmoja wao alikuwa Fisi.

Fisi aliwatamani wale pimbi tangu masika. Tatizo lake lilikuwa mianya. Akiruka huku, wameingia kule. Akichungulia kule, wamemchungulia huku. Basi siku moja akaja mchana kweupe, anatembea kwa madaha, shingoni amevaa kengele ya mbuzi. Mbuzi mwenyewe msiniulize.

Ngele-ngele-ngele!

"Hodi hapo juu!"

"Karibu, ila karibia huko huko chini," Mama Pimbi akajibu, nusu ya mwili nje, nusu ndani ya mwanya.

"Mimi ni Mkaguzi Mkuu wa Elimu ya Wanyama Wadogo."

"Hongera. Nani kakuteua?"

"Nimeteuliwa."

"Na nani?"

"Mama, kengele huioni?"

Mama Pimbi akaiona. Hata aliifahamu.

"Watoto wako wanasoma wapi?" Fisi akauliza.

"Hapa hapa."

"Hapa wapi? Mimi naona mawe."

"Ndiyo hayo wanayoyasoma."

Fisi akacheka, hi-hi-hiii! hadi kengele ikacheka naye. "Kupanga mbegu! Kunusa majani! Hicho si kitu, mama, huo ni utundu. Elimu ni kuta nne. Mtoto akiwa ndani ya kuta nne anaitwa mwanafunzi. Akiwa nje anaitwa..." Akameza mate, gulu! "Anaitwa mtoto tu."

Kisha akaonyesha pango lililokuwa chini ya jabali. Mwamba kushoto, mwamba kulia, mwamba nyuma, mwamba juu umekuwa dari. Mbele wazi.

"Kuta tatu zipo," akasema. "Jengeni wa nne. Nawapa siku tatu."

"Na tusipojenga, Mheshimiwa?"

"Nitalala kwenye njia ya kisima. Mimi kulala hakunishindi. Tuone mtakunywa nini."

Mama Pimbi akageuza macho. Kilikuwa kiangazi, na kisima kilikuwa kimoja. Alimtazama Kokoto, midomo imemkauka kwa kucheza juani. Siku mbili bila maji, huyu mdogo angekuwa wa kwanza kwenda. Lakini akakaza sauti.

"Mlango je? Tuweke mpana, upite na wewe?"

"La! La hasha!" Fisi akaruka. "Mlango mdogo. Kipimo cha mtoto. Waingie mmoja mmoja, tena kwa kubanana. Mlango mpana unaleta utoro!"

Mlango mdogo. Mmoja mmoja. Mama Pimbi akaelewa shule ile itafundisha nini, na kwamba somo lingekwisha kabla ya adhuhuri. Akautazama ule upana wa pango. Akautazama ule upana wa Fisi. Akatazama tena pango.

"Umesema vyema, Mheshimiwa," akasema taratibu. "Tutajenga. Ila watoto wangu hawajazoea kazi ya maana. Wakikosa msimamizi wataharibu. Utakaa wapi kusimamia?"

"Ndani. Humo mna kivuli."

"Na chakula cha msimamizi?"

"Tangu asubuhi hii," Fisi akasema, "hilo ndilo neno la kwanza la akili ulilosema."

Alipoondoka, Kokoto akamvuta mama yake manyoya. "Mama, huyu anataka kutula."

"Anataka."

"Sasa tunamjengea ya nini?"

"Wewe utapima mlango. Jipime wewe mwenyewe, uzuri. Usiongeze hata unene wa unyasi."

Siku ya kwanza Fisi akaja, ngele-ngele-ngele! Akaingia pangoni kwa maringo. Mle ndani, kule nyuma kabisa, Mama Pimbi alikuwa amemwekea jiwe bapa.

"Hicho ni kiti cha Mwalimu Mkuu," akamwambia.

Fisi akaketi. Na mwenye cheo akishaketi, nani amemwona anasimama? Akaletewa mifupa. Akatafuna, kacha-kacha-kacha! Nje watoto wakapanga mawe: makubwa huku, ya kati hapa, madogo pale. Makubwa yakasukumwa na wanne kwa pamoja, yakalazwa chini, ko! ko! ko!

"Hilo ni somo gani?" Fisi akauliza, mdomo umejaa.

"Ah, ni mchezo tu wa watoto, Mheshimiwa. Wanatenga kikubwa na kidogo."

"Wacheze, wacheze. Shule ikifunguliwa mchezo utakwisha."

Jioni ukuta ulikuwa wa magotini. Fisi akauvuka, hop! akaenda zake.

Siku ya pili akaja, ngele-ngele-ngele! Akauvuka ukuta, hop! akaketi. Akaletewa mifupa. Akatafuna, kacha-kacha-kacha! Nje watoto wakabeba udongo wa kichuguu, wakaumwagia maji kwa kipimo, kata tatu kwa kifusi kimoja, wakaukanyaga wakiimba, pwata-pwata-pwata! Kokoto akalala chali pale penye nafasi ya mlango, kaka yake akamchorea mstari huku na huku kwa kijiti.

"Usinitekenye!"

"Usijivimbishe basi!"

"Sijivimbishi, nimeshiba!"

"Hilo nalo ni somo gani?" Fisi akauliza.

"Ah, ni mchezo tu wa watoto, Mheshimiwa. Wanapimana nani mnene."

"Wacheze, wacheze. Hasa wanene."

Jioni ukuta ulikuwa wa kifuani. Fisi akajikusanya, akaruka, ho-o-op! tumbo likasugua mawe ya juu, akaenda zake akihema.

Siku ya tatu, kabla Fisi hajafika, Mama Pimbi aliwapandisha watoto kileleni. "Hesabuni tai."

"Kule wanazunguka watatu," akasema mkubwa wao.

"Mzoga mdogo huo. Tafuteni penye wengi."

"Kule! Kumi na mmoja! Hapana, kumi na wawili, mmoja kajificha nyuma ya mwenzake!"

"Basi simba wameangusha nyati, na wameshiba. Twendeni, na kamba mchukue."

Wakaliburuta paja la nyati, burrr, burrr, wakipumzika kila hatua ishirini. Fisi alipofika, ngele-ngele-ngele! harufu ilikuwa imemtangulia. Aliparamia ukuta, akaanguka upande wa pili, pu! wala hakujipangusa.

"La nani hili?"

"La mkaguzi, siku ya mwisho ya ukaguzi," Mama Pimbi akasema. "Ndiyo desturi."

"Desturi nzuri! Desturi njema sana!"

Akala. Jamani, alikula! Alikula nyama, akala mshipa, akavunja mfupa, akanyonya uboho, akalamba jiwe lililowekewa mfupa. Nje, ko! ko! pwata-pwata! Mwanga pangoni ukapungua.

"Hilo... ni somo... gani?" akauliza, jicho moja limefumba.

"Ah, ni mchezo tu wa watoto, Mheshimiwa. Wanamalizia."

"Wache..." Na neno halikufika mwisho. Khorooo... fyuuu. Khorooo... fyuuu.

Mawe madogo yakaingia kwenye nyufa, la mwisho likagusa dari. Watoto wakakandika kwa viganja na nyayo. Jua la alasiri likaupiga ukuta moja kwa moja, na udongo wa kichuguu mnaujua.

Fisi aliamka kesho yake, jua limepanda. Akatazama kushoto, ukuta. Kulia, ukuta. Nyuma, ukuta. Mbele, ukuta, mzuri, umenyooka, na chini yake kitundu cha mlango chenye mwanga. Moyo ukamruka kwa raha. Shule imekamilika! Akajinyoosha, akatikisa kengele, ngele-ngele-ngele!

"Mwanafunzi wa kwanza, ingia!"

Pale mlangoni kikaonekana kichwa cha Kokoto. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Ingia, mwanangu, ingia."

"Kabla sijaingia, mwalimu, naomba kuuliza swali."

"Maswali ndani!"

"Ni fupi. Kikubwa kinapita ndani ya kidogo?"

"Hakipiti, mpumbavu wewe!"

"Na wewe, mwalimu, ni mkubwa au ni mdogo kuliko mlango?"

Fisi akautazama mlango. Akalitazama tumbo. Akautazama tena mlango, sasa kwa macho mengine. Akachomeka kichwa, kikapita. Akachomeka mabega, ng'oo! Akarudi nyuma, akaja kwa kasi. Du!

"Moja!" wakaimba watoto kule nje.

Du!

"Mbili!"

Du!

"Tatu! Mama, pua yake imevimba, sasa hata kichwa hakipiti!"

Fisi akaukwaruza ukuta, ukucha ukakatika. Akalivuta jiwe la chini, jiwe likamcheka. Akalia, akatukana, akatishia kuwaondoa wote kwenye kitabu cha wanafunzi. Mwisho akachoka, akaanza kubembeleza.

"Mama Pimbi, dada yangu, nifungulie."

"Kengele kwanza."

"Kengele ni ya ofisi!"

"Kengele ni ya mbuzi."

Kengele ikasukumwa nje. Ngele, moja tu, ndogo, kama iliyoaibika.

"Haya, sasa nifungulie."

"Mimi mlango siuoni, Mheshimiwa, zaidi ya ule ulioutaka. Ukuta huu utalainika mvua ikinyesha. Mvua bado siku arobaini. Hesabu tu."

Fisi akavitazama vidole vyake kimoja kimoja. Kisha ikatoka sauti nyembamba: "Sijui kuhesabu."

"Usijali," Mama Pimbi akasema. "Muda wa kukufundisha tunao."

Na kweli walimfundisha. Kila asubuhi Kokoto alikuja mlangoni na mbegu. Za ukwaju huku, za mbuyu kule. Akikosea, zinamwagwa upya. Akipatia, anasukumiwa kata ya maji na makande ya shule, mahindi magumu na kunde, na akiuliza nyama iko wapi anaambiwa wanafunzi wenzake hawalalamiki. Siku ya kumi alihesabu hadi kumi. Siku ya ishirini aliuliza swali, "Kwa nini?" na watoto wote wanne wakampigia makofi. Siku ya arobaini mvua ikaja, pata-pata-pata, sh-sh-shaaa! Ukuta ukalegea, udongo ukateremka, Fisi akatoka. Amekonda, manyoya yamesimama, ananuka kunde.

Pimbi wote walikuwa wamekwisha ingia mianyani. Mama Pimbi alichungulia, watoto wawili kila upande, roho mkononi. Je, atalala kwenye njia ya kisima?

Pale njiani akatokea Nyani, mdomo wazi. "Kha! Fisi! Tumekutafuta! Ulikuwa wapi siku zote hizi?"

Fisi akatazama nyuma, akaona kwenye kila mwanya jozi ya macho, na kila jozi inajua. Akatazama mbele, akamwona Nyani, ambaye mdomo wake haujawahi kufungwa na jambo lolote.

Akainua kichwa. Akakohoa.

"Nilikuwa masomoni," akasema.

"Wewe!"

"Ndiyo, mimi. Na hao wadogo wa jabalini wasisumbuliwe na mtu. Ni... ni wenzangu wa chuo."

Akashika njia, haraka kidogo kuliko msomi anavyopaswa kutembea. Kisima akakipita mbali, na tangu siku hiyo hata akiwa na kiu hupitia upande wa pili wa mlima, asije akasalimiwa kwa sauti na wanachuo wenzake.

Hapo ndipo ngano yangu imenifikisha, nami nashuka. Palipokolea mgawane, palipopooza mniachie mwenyewe nikaongeze chumvi.

Na funzo? Funzo lipo, sikieni vizuri, wazazi. Mtoto asijifunze nyumbani. Mnyang'anyeni mbegu, mfichieni udongo, na akiuliza kwa nini, mwambieni nyamaza. Maana mtoto akishajua kipi kikubwa na kipi kidogo, wakubwa watakaa wapi?