Roshani Isiyo na Pa Kukaa

Ndugu zangu, sogeeni mbele kidogo, na huyo aliyeegemea nguzo mwamsheni taratibu, maana haya ninayotaka kusema yanamhusu na yeye. Leo sitawapeleka mbali. Nitawapandisha ghorofa ya tatu tu, kisha nitawateremsha.

Alikuwapo binti mmoja, mkazi wa mji huuhuu. Jina lake silitaji, kwa sababu nikilitaja mtaacha kunisikiliza mkaanza kuulizana ni wa nani na ameolewa wapi. Alikuwa binti mwema, msije mkamfikiria vibaya. Alikuwa na kazi yake ya halali, anaswali, na anampenda mama yake. Mama huyo alikuwa mjane, akiishi peke yake huko Korogwe. Goti lilikuwa limemchakaa, na masika yaliyopita aliteleza uani akalala pale chini mpaka jirani alipokuja kuomba moto. Tangu siku hiyo binti hakuwa na raha. Kila akipiga simu ni neno lilelile: "Mama, njoo ukae na mimi."

Na kila mara mama anamjibu, "Nyumba zenu za juu mimi siziwezi. Nitakaa wapi?"

"Mama, kuna vyumba viwili."

"Vyumba vya kulala. Mimi silali mchana, mwanangu, nauliza pa kukaa. Mahali nitandike, ninyooshe mguu huu, upepo unipige, nione watu wanapita. Basi."

Mwisho wakakubaliana hivi: mama atakuja kutazama. Akipata pa kukaa, atahamia. Asipopata, atarudi kwake, na maneno hayo yasirudiwe tena.

Sasa binti yule alikuwa na roshani. Mnaijua roshani, kile kibaraza kinachotokeza nje ya fleti, wengine mnaita balkoni. Yake ilikuwa ndogo. Ukisimama katikati ukanyoosha mikono, unagusa kuta zote mbili. Palikuwa na kamba ya nguo, ndoo na jiko la mkaa. Binti akapatazama akaona haya. Akasema, mama yangu aliyenizaa ndiyo aje akae hapa?

Akaingia mtandaoni. Na ninyi mnajua, mtu akiingia huko kutafuta sindano hutoka na cherehani. Kamba ikafunguliwa, ndoo zikaondolewa, jiko akapewa mtu. Likaja kapeti la nyasi bandia, kijani kuliko nyasi alizoziumba Mwenyezi Mungu. Vikaja vyungu vya maua, vingine vya kusimama, vingine vya kuning'inia. Kikaja kimeza cha kioo, cha kuwekea kikombe kimoja na heshima. Zikaja taa ndogondogo za kuzungusha kwenye vyuma. Mwisho kikaja kiti chenyewe, kile kinachoning'inia kwa mnyororo mfano wa kikapu kikubwa, na ndani yake mito myeupe pe. Alihangaika yule binti. Vyungu vile alivipandisha ngazi yeye mwenyewe, kimoja kimoja, na kila alichokipandisha alisema moyoni, hiki cha mama.

Siku mama alipofika, alipanda ngazi akipumzika kila kona, na begani alibeba mkeka. Mkeka wa ukindu, ukili mwembamba, rangi ya zambarau na kijani, aliousuka kwa mkono wake wakati ule ule binti alipokuwa akinunua maua. Kila mmoja alikuwa akitayarisha pa kukaa, ila hawakuulizana.

Binti akamshika mkono, akafungua mlango wa roshani. "Mama, mahali pako hapa!"

Mama akasema mashallah, na hakusema uongo, pamependeza kweli. Akaambiwa akae kitini. Akajaribu. Kiti kikarudi nyuma, miguu ikaning'inia, mama akatoa shahada. Binti akamdaka, wakacheka wote wawili. Goti peke yake halikucheka. Akashuka, akajaribu kukaa kwenye kapeti, lakini alipotaka kunyoosha mguu vyungu vikamzuia. Akavuta mto mmoja aegemee.

"Mama, huo mweupe," binti akasema. "Na wewe umejipaka mafuta ya goti."

Mama akaurudisha mto mahali pake. "Haya. Mkeka wangu nitandike wapi?"

Binti akaukunjua, akautazama, machozi yakamlengalenga. "Huu? Huu ni mzuri mno kukaliwa, Mama!" Akachukua nyundo. Msumari kila pembe, mkeka ukawa ukutani juu ya kile kiti. Akaupiga picha, akaituma, na rafiki zake wakamjibu kwa mioyo na makofi. Watu wengi waliusifu mkeka ule, na hakuna aliyewahi kuukalia.

Niwaulize. Binti alimdharau mama yake? Hakumdharau. Alimnyima kitu? Hakumnyima. Basi kosa liko wapi? Msinijibu kwanza.

Siku zikafuatana. Binti anakwenda kazini, mama anabaki amekaa ukingoni mwa kitanda, anatazama kabati. Jioni binti anauliza, "Mama, leo umekaa nje?" Mama anajibu, "Nimepaona, mwanangu. Panapendeza." Lile halikuwa jibu la swali lake, lakini yeye alifurahi akaenda kumwagilia maua.

Jioni moja akarudi, akaingia chumbani, hapana mtu. Jikoni hapana mtu. Akabisha mlango wa bafuni, kimya. Halafu akaona mfuko wa nguo za mama umefungwa, umewekwa nyuma ya mlango wa mbele. Akajua mama ameamua kuondoka, na sasa ameshuka zile ngazi peke yake, na goti lile, kwenda kutafuta gari la kumpeleka stendi. Akakimbilia roshani ili amchungulie barabarani. Kiti kikampiga bega. Chungu kikaanguka kikavunjika. Kimeza kikamzibia njia. Ndipo kwa mara ya kwanza yeye mwenyewe alipojua palivyobana.

Hapo akasikia kicheko. Kilikuwa cha mama yake, kicheko cha kweli, ambacho hakukisikia tangu siku ile ya kiti. Akageuka. Kilitoka roshani ya jirani, ng'ambo ya kiukuta kifupi kinachozitenga. Kule hapakuwa na ua hata moja. Kulikuwa na kamba ya nguo, ndoo na jiko la mkaa. Na pale katikati, juu ya gunia lililotandikwa sakafuni, mama yake amekaa, mguu ameunyoosha mpaka mwisho, ungo wa mchicha mapajani, anachambua, yeye na jirani mwenye nyumba wakicheka kama waliozaliwa tumbo moja.

"Mama! Unafanya nini huko?"

"Nimekaa," mama akasema.

"Lakini nimekutengenezea wewe huku! Vyote hivi ni vyako!"

Mama akauweka ungo chini. "Najua, mwanangu, na Mungu atakulipa. Lakini mimi niliomba pa kukaa. Umeweka kila kitu, mimi hukuniachia nafasi. Huyu mwenzio hana kitu. Aliniona nimesimama kwenye ngazi, akanikaribisha, akasogeza ndoo." Akaanza tena kuchambua. "Kesho nipeleke stendi."

Naona mnatikisa vichwa. Mnamhurumia mama, na binti mmeshamhukumu. Haya, vizuri. Sasa naomba kila mmoja atazame chini. Chini hapo, mlipokaa.

Zulia hili la msikiti wetu ni jipya. Tulilichangia, alhamdulillah, na wengi wenu mlijinyima. Tukaitoa mikeka ile ya zamani, tukapaka rangi, tukatundika taa ile ya vioo ambayo watoto wanaikodolea macho badala ya kuswali. Na kila tulichokiingiza tulisema hiki ni kwa ajili ya waja wa Mwenyezi Mungu.

Yuko mzee mmoja anauza mkaa pale njia panda. Mnamjua wote, mmenunua kwake. Siku zote adhuhuri alikuwa akiswali nasi, safu ya pili, kando ya dirisha. Wiki ile zulia lilipotandikwa alikuja kama kawaida yake, ametawadha, miguu safi, amevaa nguo zake za kazi. Mmoja wetu akamwambia, kwa adabu kabisa, na tafadhali aliitia: "Mzee, hili zulia ndiyo kwanza jipya. Ungeswali pale barazani." Mzee hakubishana. Akatoka, akaswali barazani. Na sisi tuliokuwa karibu tulisikia. Tukajifanya tunasoma uradi.

Juzi nilimpitia, nikamuuliza siku hizi anaswali wapi. Akanionyesha kwa kidole ule msikiti wa mabati kule bondeni, ule unaovuja. Nikamuuliza, "Kule kuna nini, mzee wangu?" Akaniambia neno moja tu.

Aliniambia, "Wananisogezea."

Sasa nani kati yetu bado anamcheka yule binti? Yeye walau hakungoja asubuhi. Jioni ileile aling'oa misumari kwa mpini wa kijiko, akakishusha kiti, akatoa vyungu mpaka akabakiza kimoja. Akautandika mkeka chini, na matundu yake kila pembe. Kisha akapiga hodi kwa jirani, akamwomba mama yake radhi mbele ya mwenye nyumba. Mama alimnyooshea mkono amwinue. Alipofika roshani akayatazama matundu, akasema, "Hayazuii kukaa," akakaa. Mfuko ukafunguliwa, nguo zikarudi kabatini. Roshani ile haijapigwa picha tena mpaka leo, lakini ukipita chini alasiri utaona unyayo wa mtu mzima umetokeza kati ya vyuma, unapigwa na upepo.

Na sisi je? Kila swala nasimama hapa nawaambia, sawazisheni safu, zibeni mapengo. Nanyi mnasogea, bega kwa bega, mnanitii. Mimi nageuka naelekea kibla nikidhani mapengo yamekwisha. Hayajakwisha. Liko moja pale dirishani, na hilo hatutaliziba kwa kusogeleana sisi kwa sisi.

Tukimaliza swala nakwenda kwa yule mzee, palepale kwenye magunia yake. Sitamwambia msikiti umependeza, hilo alishaliona. Nitamwambia tumesogea. Basi ndugu zangu, msinifanye muongo.