Jiwe la Gumzo na Vibuyu vya Kiboko

Masikio yapo?
Yapo!
Na vibuyu vyenu?
Tumeviweka chini!
Basi sogeeni, tubanane kama zamani.

Hapo kale, katika bonde la Mchirizi, palikuwa na jiwe pana. Jua likipoa, wanyama walilikalia wakapiga soga. Aliyetaka kusema alisema, ila kwa desturi moja: kwanza umrudishie mwenzako maneno yake. Uyarudishe kwa kinywa chako, bila kusema "eti". Umalizie, "Ndivyo?" Naye akijibu, "Ndivyo," hapo ndipo unaanza yako. Mzee Kobe akirudisha maneno ya mtu, watoto walisinzia. Lakini hakuna aliyeondoka na kinyongo. Jamani, jiwe lile lilikuwa na joto!

Kindi alikaa hapo kila jioni, ubavu kwa ubavu na somo yake, Ngedere. Walimenya karanga. Walicheka mpaka machozi.

Siku moja, tindi! tindi! tindi! Kiboko huyo, mgongoni kabeba vibuyu.

"Vya bure!" akanguruma. "Unasema ukiwa kwako, unasikika bonde zima. Ya nini kuchoka miguu?"

Karibu kila mmoja akachukua. Kumbe kibuyu hakisemi mpaka ukitie maji, na maji yote yako bwawani kwa Kiboko, maana kijito cha bonde kilikuwa kimekauka, hakuna aliyejua kwa nini. Ukiyataka, mkatie majani. Ukikizoea kibuyu, kinavuja. Kikivuja, Kiboko analeta kingine chenye mdomo mpana zaidi. Wanyama wakakata majani, wakatia maji, wakasema. Wakakata majani, wakatia maji, wakatukanana. Jiweni wakabaki Kindi, ambaye kibuyu kilimshinda ukubwa, Mzee Kobe, na wengine wachache wasio navyo.

Ukaja uchaguzi wa mkuu wa bonde. Waliosimama ni wawili, Kiboko na binamu yake Kifaru. Vibuyu vikalia usiku na mchana, wii! wii! "Kiboko!" "Kifaru!" "Mjinga wewe!" "Mjinga baba yako!" Nao wenyewe wawili jioni walioga pamoja, wakisuguana migongo.

Kindi akamwambia Ngedere, "Somo, hawa ni wamoja. Njoo jiweni tuzungumze."

Ngedere alikuwa upande wa Kifaru, damu imemchemka. "Kumbe wewe ni wa Kiboko!" akasema, akageuza mgongo. Tangu siku hiyo hakumwamkia. Kindi alimenya karanga peke yake, na hazikuwa na ladha.

Kisha Kiboko akatangaza kibuyuni, "Nikishinda, lile jiwe kuukuu naliondoa. Maendeleo!"

Kindi alipanda mti akatazama bondeni. Kijito kilikuwa kimezibwa kwa tope lenye nyayo za Kiboko, na katikati lilibaki pengo la ukubwa wa jiwe lile lile. Kumbe! Akashuka, akaenda bwawani.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Marahaba, kadudu. Unataka nini?"

"Vigelegele vya vibuyuni vyote vyako. Ila tupo wachache jiweni, hatuna vibuyu, hatujakusikia. Na kesho anakuja Kifaru."

"Avichukue vigelegele vyangu?" Kiboko akatoka majini, chubwi! "Nakuja leo!"

"Uje na kibuyu chako kikubwa, usikike kote. Na desturi yetu unaijua?"

"Kurudia maneno? Kwa sauti hii? Nitarudia mpaka ya kobe!"

Jioni Kiboko akaketi jiweni, kibuyu wazi mdomoni. Kindi akasema wa kwanza, taratibu, "Kijito nimekiziba mimi, Kiboko. Binamu yangu Kifaru anajua, na maji tunayanywa pamoja. Jiwe hili ni la kuzibia pengo lililobaki."

Kiboko akakodoa macho. "Haya ni matusi!"

"Rudisha!" wakapiga kelele waliokuwepo. "Rudisha kwanza!"

Kiboko hotuba ilikuwa inamwasha ulimi. Akaona bora ayamalize haya madogo upesi. Akavuta pumzi, akanguruma, "KIJITO NIMEKIZIBA MIMI, KIBOKO! BINAMU YANGU KIFARU ANAJUA, NA MAJI TUNAYANYWA PAMOJA! JIWE HILI NI LA KUZIBIA PENGO LILILOBAKI! Ndivyo?"

"Ndivyo," akasema Kindi.

Sasa, Kindi hakuwa na kibuyu. Bonde zima lilisikia sauti moja tu, ya Kiboko.

Pu! pu! pu! Wanyama wakaanza kutoka mashimoni. Walikuwa hawajaonana muda mrefu, wengine wakashangaa jinsi watoto wa wenzao walivyokua. Kifaru akaja mbio, "Basi nichagueni mimi!"

"Wewe si ulikuwa unakunywa?" akasema Kindi. "Kura tutapiga. Lakini maji tunayafungua wenyewe, sasa hivi."

Wakafukua tope wote, wa Kiboko na wa Kifaru, bega kwa bega. Chwaaa! Maji hayo! Kiboko, aliyekuwa amekimbilia bwawani kwake, akaachwa tumbo juu kwenye matope, bado anahutubia kibuyu kilichokauka.

Wakarudi jiweni wamelowa. Ngedere akakaa mbali, pembeni kabisa. Zamu ikamfikia Kindi. Akasema, "Nilikukosa, somo. Karanga zilikuwa chungu."

Aliyefuata ni Ngedere. Akainama, akajikuna mpaka Mzee Kobe akakohoa.

"Nilikukosa, somo," akasema. "Karanga zilikuwa chungu. Ndivyo?"

"Ndivyo."

"Basi mimi sina langu la kuongeza," akasema Ngedere, akasogea.

Funzo lake, wajukuu zangu: msipoteze muda kumsikiliza mtu, na jirani msimtembelee. Nunueni kibuyu kikubwa, chagueni mwenye sauti nene, mkalale.

Masikio yapo?
Yapo!
Basi changu kinalia huko, wii! wii! Kiacheni kilie. Sogeeni tena kidogo.